Mboga za sebuleni: anza na mwanga, mbolea baadaye

Wengi wanaoniita nikakague mboga zao za ndani hunipokea na chupa ya mbolea ya maji mkononi wakitaka kujua waongeze kiasi gani. Nikitazama ndoo naona mashina marefu membamba yaliyoinamia dirishani, majani madogo, pingili zimeachana. Mmea wa namna hiyo hauna njaa ya mbolea. Umekosa mwanga, na ukiulisha zaidi utarefuka na kulegea tu.

Shida ni kwamba jicho la binadamu huzoea mwanga hafifu. Sebule inayoonekana angavu kwako, kwa sukuma wiki ni usiku. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, weka kwenye simu programu ya kupima mwanga, uilaze kimo cha majani, kioo kikitazama juu. Nje saa sita mchana jua likiwaka utaona kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Kizingiti cha dirisha lisilopigwa na jua hupata elfu chache, na ukirudi nyuma mita moja hubaki mia kadhaa. Kule Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ghorofa zimebanana hadi watu huwasha taa mchana. Hapo hata dirishani si ajabu kukosa elfu moja.

Sukuma, spinachi na dania zinataka luksi 12,000 hadi 15,000 chini ya taa nyeupe za LED, kwa saa 12 hadi 14 kila siku (dania iishie 12). Nyanya na hoho zinataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Anayeanza namwambia aachane nazo. Kwa stima utakayochoma, nyanya za mama mboga zitakuwa rahisi kila siku.

Si lazima ununue taa maalumu. Rafu ya sentimita 30 kwa 60, balbu nne nyeupe za wati 9 zikining'inia kama sentimita 20 juu ya majani, na pande zote kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe ya kurudisha mwanga ndani, inatosha kwa dania na spinachi. Umbali ndio watu hupuuza. Balbu ukiipandisha mara mbili ya kimo chake, mwanga unaofika chini unaweza kupungua hadi kama robo. Ifunge kwa kamba unayoweza kuisogeza, uipandishe mmea unapokua.

Balbu hizo nne ni wati 36. Zikiwaka saa 14 kwa siku, utatumia karibu uniti 15 kwa mwezi. Hapa Kenya anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipia kila uniti kwa bei nafuu kuliko wengine, basi angalia tokeni zako kwanza: rafu moja inaweza kukutoa kwenye kundi hilo, ukalipia zaidi hata stima ya jokofu na pasi.

Zile taa za zambarau zinazouzwa mjini zinafanya kazi, lakini mimi sizipendi. Chini yake majani yote huonekana meusi, kwa hiyo ugonjwa unauona ukiwa umeshaenea. Tena dirisha linalowaka zambarau hadi usiku wa manane litamleta mlinzi wa geti mlangoni kuuliza kama ni bangi, ambayo kuipanda Kenya ni kosa la jinai hata ikiwa mche mmoja ndooni.

Sasa saa zenyewe za mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na mimea mingi huhesabu urefu wa usiku ndipo iamue kuchanua. Terere ni mmea wa siku fupi, yaani huchanua usiku ukiwa mrefu: kwa mchana wetu wa kawaida hukimbilia maua, nawe unabaki na majani machache magumu. Ukiiweka kwenye dirisha lenye jua, halafu ukaiwashia taa kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, itachelewa kuchanua na utavuna majani kwa muda mrefu zaidi. Dania ni kinyume chake. Mwanga wa saa 16 huiharakisha kutoa shina la maua, kwa hivyo iache kwenye saa 12. Usizichanganye rafu moja. Plagi yenye saa, ile inayojizima yenyewe, itakusaidia kuliko mbolea yoyote ya bei ghali. Stima ikipotea siku moja, usihangaike, mimea itavumilia.

Mwanga ukishatosha, ndipo maji na udongo vinapoanza kuonekana. Maji ya mfereji ambayo chanzo chake kikubwa ni bwawa la Ndakaini ni laini, hayana neno. Lakini mitaa mingi hutumia maji ya kisima cha kuchimbwa, na hayo mara nyingi yana magadi. Utajua kwa majani machanga: yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani kibichi. Chuma kimo udongoni ila mizizi haiwezi kukichukua. Kinga maji ya mvua uchanganye nusu kwa nusu.

Udongo mwekundu peke yake hushikamana ndooni kama tofali; ule mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi usiuguse kabisa. Changanya mwekundu, samadi iliyooza hadi haina harufu, na maganda ya mchele, kila kimoja sehemu moja. Toboa ndoo chini. Baada ya wiki tatu, nusu kijiko cha chai cha CAN (mbolea ya naitrojeni na kalsiamu) katika lita mbili za maji, mara moja kwa wiki, kinatosha. Vumbi jeupe linalobaki chini ni chokaa, haliyeyuki, lisikutie wasiwasi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, punguza dozi na umwage maji mengi hadi yatoke chini.

Feni ndogo iwashwe pia, hata kwa saa chache. Hewa iliyolala huleta ukungu na inzi weupe, na mche usiotikiswa huwa na shina dhaifu.

Katika kuvuna, sukuma vunja majani ya chini, uache matano juu. Managu ikifika sentimita 15 kata ncha ili itoe matawi, kisha nyofoa kila kichomozo cha ua unachokiona, kwa sababu ikianza kuzaa matunda majani hupungua. Terere ukiikata juu ya pingili ya tatu kutoka chini, itachipua tena.