Gesi ya kupikia: angalia bei ya seti nzima, si ofa ya jiko

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wakazi wa Dodoma wanaoachana na mkaa tunawapongeza. Tatizo tunaloletewa ni la manunuzi: mtu ana jiko, hana mtungi, mwingine ana mtungi, regulata (kifaa cha kwenye valvu kinachopunguza presha ya gesi) haiingii.

Mtungi wa kilo 15, regulata, mpira na jiko vinakwenda sanjari, kimoja kwa kimoja. Kikikosekana kimoja, vingine havichemshi hata chai, na regulata ya pili kabatini haikuongezei chochote. Tuseme (hizi ni bei za mfano, si bei elekezi) mtungi wenye gesi ni shilingi 110,000, regulata na mpira 30,000, jiko 40,000. Jumla 180,000. Mama wa Chang'ombe ana 150,000. Anasikia jiko limeshuka hadi 20,000, analikimbilia. Amebaki na 130,000, vilivyobaki vinataka 140,000. Jioni anarudi kwenye mkaa.

Jamani, tumelieleza hili mara nyingi: punguzo la 20,000 liwe kwenye jiko au kwenye mtungi, kwako ni lile lile, kwa sababu lazima ununue vyote. Jumla ikizidi fedha uliyonayo, ofa hiyo bado si yako. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufunga juu, tuseme 60,000 pamoja na gesi, ungemwachia mama huyu 90,000 za kujazia.

Dukani, muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Pima mtungi uliojaa, toa uzito huo. Inayobaki ndiyo gesi, na inapaswa kuwa kilo 6 au 15 kulingana na mtungi. Kagua lakiri kabla haijafunguliwa. Mizani ikikosekana, usilipe. Toa taarifa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo makao makuu yake yapo hapa hapa Dodoma. Regulata ijaribiwe kwenye valvu ya mtungi unaouchukua, kwani si kila regulata huingia kila mtungi.

Kisha dai risiti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, anaadhibiwa muuzaji asiyetoa risiti na mnunuzi asiyeidai pia. Kila kifaa kiandikwe kwa jina lake: ukirudisha regulata isiyoingia, risiti iliyoandikwa "vifaa vya gesi" haithibitishi ulinunua nini.