Ukiambiwa Ushuke, Shuka: Majibu kwa Malalamiko ya Abiria wa Treni za Chini ya Ardhi

Tangu mazoezi ya kuondoa watu vituoni yaanze, malalamiko yanayofika kitengo cha usalama wa abiria yamekuwa ya aina tatu. Abiria ameshushwa, hakuona moto wowote, anataka nauli yake. Treni imepita kituo chake bila kusimama. Au amevuta kishikio cha dharura na treni ikaendelea na safari kana kwamba hakuna aliyesikia. Yote matatu huitwa uzembe wa watumishi. Ni taratibu, na kila mojawapo ina vifo nyuma yake.

Tuanze na nauli, maana ndiyo inayotuletea matusi mengi zaidi. Tarehe 10 Agosti 1903 jijini Paris, treni yenye behewa la mbao ilipata hitilafu ya umeme ikawaka. Abiria walishushwa, na treni nyingine, nayo ikiwa imeshusha watu wake, ikapewa kazi ya kuisukuma iondoke njiani. Moto ukalipuka upya katika kituo cha Ménilmontant. Nyuma yao ilikuja treni ya tatu, imebeba pia wale walioshushwa kwenye zile mbili, ikasimama kituo cha Couronnes. Watu waliambiwa watoke. Baadhi waligoma, wakitaka kwanza warudishiwe pesa zao. Moshi ukafika kupitia handaki, taa zikazimika, na umati ukakimbilia mwisho wa jukwaa usiokuwa na njia ya kutokea. Siku hiyo walikufa watu 84, wengi wao wakiwa Couronnes. Taa za dharura zenye umeme wake peke yake, na alama za njia ya kutokea zinazowaka hata kituo kizima kikiwa gizani, ni matokeo ya usiku ule. Nauli inadaiwa ukiwa nje, juu, penye hewa.

Hoja ya “sikuona moto” tunaisikia kila wiki, na tunaomba radhi tukionekana kuichoka. Katika kituo cha King's Cross, London, jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, kulikuwa na moto ulioonekana mdogo tu, chini ya ngazi ya umeme yenye vidato vya mbao. Uchunguzi uliona kuwa chanzo kilikuwa njiti ya kiberiti iliyopenya kando ya ngazi ikaangukia grisi na takataka zilizorundikana kwa miaka. Miali ililala kwenye mtaro wa ngazi badala ya kupanda wima, ikapasha moto mbao zilizo juu yake, kisha kwa ghafla ikafyatuka hadi ukumbi wa tiketi. Watu 31 walikufa. Kuvuta sigara kulikuwa kumeshakatazwa katika vituo vya chini ya ardhi, lakini abiria walikuwa na mazoea ya kuiwasha wakiwa kwenye ngazi, njiani kutoka. Bila shaka kila mmoja wao alijiona hadhuru mtu. Isitoshe, chini ya ngazi zilikutwa alama za mioto ya nyuma iliyojizimia yenyewe. Kwa hiyo tunapowatoa mara tano na mara zote tano hakuna kilichoungua, hilo si kosa la kuombewa fidia.

Sasa kishikio. Kikivutwa, dereva hupata taarifa na kuoneshwa behewa husika. Huzungumza na aliyevuta kupitia kipaza sauti kilicho kando ya kishikio. Tafadhali mjibu, usikimbie. Treni ikiwa bado haijaacha jukwaa, husimama. Ikiwa handakini, kwa kawaida huendelea hadi kituo kinachofuata, ambako mtumishi huipokea, hurudisha kishikio kwa ufunguo maalumu, huandika saa, nambari ya treni na ya behewa, na kumhoji mhusika. Picha za kamera huhifadhiwa. Aliyevuta kwa nia njema (mgonjwa, moshi, mkono uliobanwa mlangoni) hashtakiwi hata akiwa amekosea kukadiria. Aliyevuta kwa mzaha, au kwa sababu alisinzia akapitwa na kituo, huandikiwa kosa na kutozwa faini. Asipolipa, jalada huenda mahakamani, na huko gharama za kesi huongezwa juu yake. Kutoa jina la uongo ni kosa jingine linalojitegemea.

Kwa nini treni haisimami papo hapo handakini? Jijini Baku, Azerbaijan, tarehe 28 Oktoba 1995, treni iliyopata hitilafu ya umeme ilisimama kati ya vituo viwili ikiwa imejaa watu. Walikufa 289, wengi kwa gesi ya kaboni monoksaidi, si kwa kuungua. Handakini hakuna jukwaa wala ngazi, na reli ya umeme katika mifumo mingi hubeba volti 600 hadi 750. Usishuke relini mpaka mtumishi atangaze kwamba umeme umekatwa.

Treni kupita kituo bila kusimama ni somo la Daegu, Korea Kusini, tarehe 18 Februari 2003. Mtu alichoma moto treni kituoni, na dakika chache baadaye treni ya pili ikaingia na kusimama pembeni yake. Umeme ulikatika, abiria wakaambiwa wasubiri, dereva akaondoka na ufunguo, milango ikabaki imefungwa. Waliokufa ni 192, wengi wao walikuwa kwenye treni hiyo ya pili.

Msomaji makini atatuuliza: hao si walitii? Ndiyo, walitii. Hatutaki kulikwepa swali hilo, ingawa si kazi ya makala haya kuhukumu watumishi wa mji mwingine. Amri ya kutoka ifuate bila kubishana. Lakini treni ikiwa imesimama jukwaani, moshi unaingia ndani na huambiwi kitu, au unaambiwa usubiri, usingoje ruhusa. Vunja kifuniko kidogo karibu na mlango, zungusha kishikio kilichomo, kisha sukuma mlango kwa mikono miwili upande wa jukwaa. Hakuna atakayekutoza faini kwa hilo. Wachache sana Daegu walijua kwamba mlango unaweza kufunguliwa hivyo. Picha ya maelekezo imebandikwa katika kila behewa, na mara nyingi tunaikuta imefunikwa na matangazo ya vyumba vya kupanga. Anayebandika matangazo hayo naye ana faini yake.

Madai ya nauli yapelekwe dirisha la tiketi la kituo chochote, si lazima kile ulichoshushwa. Nenda na tiketi au kadi uliyotumia, na utaje saa na nambari ya behewa.