Joto Likizidi, Besi Hawaendi Shimoni

Kila Julai ushauri kwa wanaovua besi, samaki wawindaji wa maziwani, ni uleule: jua limekuwa kali, peleka boti penye kina kirefu kuliko kote, teremsha chambo hadi chini. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, watu wanaingia Ziwa Minnetonka, wanatafuta kwenye ramani shimo la mita 34, wanashinda hapo kutwa. Ndugu zangu, mnavua mahali ambapo samaki hawezi kupumua.

Majira ya joto ziwa hugawanyika. Juu kuna maji ya vuguvugu yanayokorogwa na upepo, chini maji baridi na mazito, na katikati tabaka jembamba ambamo joto hushuka kwa nyuzi 1 au zaidi kila mita. Tabaka hilo ndilo kifuniko. Hewa ya juu haivuki, na huko chini mwani uliokufa unaoza na kumaliza oksijeni. Kwenye ghuba zenye rutuba nyingi, kufikia Agosti chini ya kifuniko hakuna cha kumweka besi. Chambo chako kitarudi kisafi kama kilivyoshuka.

Kifuniko huwa mara nyingi kati ya mita 5 na 9, lakini usikisie, pima. Mwenye sonari, chombo cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti, aongeze usikivu hadi utokee mstari wa ukungu uliolala kina kilekile kila aendako. Asiyekuwa nayo achukue chupa, aifunge chubwi zito, aizibe kwa kizibo chenye kamba yake. Ishushe mita moja moja, ng'oa kizibo, subiri ijae, ipandishe haraka, kisha utie kipimajoto. Kipimajoto cha kawaida ukikishusha kitupu kitakudanganya, kwa sababu kinapopanda kinapita maji ya moto.

Ukishajua kina, vua juu yake. Besi wa aina ya mdomo mkubwa atakuwa ukingo wa nje wa magugu, hasa pale magugu yanapopinda au chini inapobadilika kuwa changarawe. Tumia mnyoo wa plastiki na chubwi la gramu 10, ncha ya ndoano ikiwa imefichwa ndani ya mnyoo. Usiizamishe sana, la sivyo haitatoboa mdomo. Akigonga, kaza kwanza mshipi uliolegea, ndipo ukwanyue.

Baada ya upepo baridi kupita, besi hugoma siku mbili hivi. Wengi husema ni kanieneo ya hewa. Lakini badiliko la kanieneo la milibari 20 ni sawa na samaki kushuka sentimita 20 tu, na besi hufanya hivyo mchana kutwa bila kususia chakula. Maelezo hayo hayanitoshi.

Majira ya kuchipua ni rahisi: maji yakifika nyuzi 15 hadi 18, wako vina vifupi wakitaga. Dume analinda kiota. Ukimnasa, mrudishe papo hapo, maana samaki wengine huvamia mayai upesi.

Kinachowavuruga watu ni vuli. Maji ya juu yakipoa hadi kukaribiana na ya chini, upepo hupindua ziwa zima. Utasikia harufu ya mayai viza na kuona vipande vya majani vikielea. Samaki hutawanyika kila kina, na kubadilisha chambo hakusaidii. Hamia ghuba yenye kina kifupi ambayo haikugawanyika tangu mwanzo. Ziwa likishatulia, oksijeni imefika chini, na sasa kina kirefu kina maana: vua kwenye miteremko mikali karibu na magugu yaliyobaki mabichi, polepole, chubwi la gramu 14.

Barafu ikifunga, usiikanyage kabla haijafika sentimita 10, iwe ngumu na angavu. Toboa juu ya magugu mabichi, tumia chambo kidogo, kitikise kidogo kisha ukiache kitulie. Theluji nene ikizuia mwanga, magugu hufa na kuanza kula oksijeni yenyewe. Hapo besi wanahama, nawe hama.