Ukisikia "kura zimeibiwa", uliza kituo gani

Kila uchaguzi ukikaribia, na hata ukishapita, simu zetu Unguja na Pemba hazipumui, mara klipu ya boksi limefunguka, mara voisi ya mtu analia ati kura zimeingizwa usiku, mara picha ya karatasi zishatiwa alama, na ukiuliza ya wapi hiyo unaambiwa we sambaza tu. Sisi tunaotoa elimu ya mpiga kura tunaulizwa sana kama ni kweli. Mimi sisemi ndio wala sisemi siyo, nauliza kituo gani, fomu ipi ya matokeo, kura ngapi, na nani alokuwepo akaona. Dai likikosa hayo basi bado ni maneno ya barza, hata msemaji awe na cheo.

Na hilo la cheo nalisema makusudi, maana kuna wanaodhani kutaka ushahidi ni kuwaziba midomo wapinzani. Haya tuchukue 2015, ambayo hapa kwetu hakuna asoikumbuka. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba, siku ya pili yake Maalim Seif, mgombea urais wa Zanzibar kwa chama cha CUF, akajitangaza kuwa kashinda kabla ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, haijamaliza kutangaza, na tarehe 28 mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi mzima, katika sababu alizotoa ni kwamba kuna vituo Pemba kura zimezidi wapiga kura walioandikishwa. Kwa mwenye jicho la kuhoji, yote mawili ni madai. La Maalim linataka fomu za vituo zote zijumlishwe mbele ya watu, na la Jecha linataka vituo vitajwe kimoja kimoja na namba zake, walioandikishwa wangapi, kura ngapi. Tena kuna kitu watu wanakisahau, kura za Rais wa Muungano zilizopigwa hapa hapa Zanzibar siku ile ile zilihesabiwa na NEC, tume ya uchaguzi ya Muungano wakati ule, na zikasimama, hazikufutwa. Hilo pekee halithibitishi kwamba kura za Zanzibar zilikuwa safi, lakini ni swali lililotakiwa lijibiwe, badala yake tukarudishwa vituoni tarehe 20 Machi 2016 na CUF wakasusia.

Sasa namba, maana hapa ndo watu wanapotelea. Mtu anachukua jumla ya kura za Rais wa Zanzibar na jumla ya kura za Rais wa Muungano zilizopigwa visiwani, anaona hazilingani, basi, "wizi huo!" Jamani, zinaweza zisilingane bila ya mtu kuiba hata kura moja, kwa sababu madaftari ni tofauti na masharti ni tofauti, upande wa Zanzibar kuna sharti la ukaazi, kwa hiyo mtu aliyehamia karibuni anaweza akawa na haki ya kumpigia Rais wa Muungano na asiwe nayo kwa Rais wa Zanzibar. Kuna na kura zilizoharibika, wengine wanazihesabu wengine hawazihesabu. Ila kura zikizidi daftari la kituo kicho hicho, hapo sawa, piga kelele, hilo linataka maelezo. Na kushinda kwa kura ukashindwa kwa viti nako si lazima iwe wizi wa kura, mwaka 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) walipata kama asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, kisa majimbo, japo ukitaka kulalamikia majimbo yalivyokatwa hiyo ni hoja nyengine na ina uzito wake.

Madai mengine huwa kweli wallahi. Malawi uchaguzi wa 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020, watu walikwenda na fomu za matokeo zenyewe, zimepakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia, namba zikaandikwa upya. Kenya 2017 pia ulifutwa, na tume kukataa kufungua seva, kompyuta za kutunzia matokeo, kama mahakama ilivyoamuru kuliigharimu. Lakini Kenya hao hao 2022, wadai wakaja na habari za wadukuzi, mahakama ikazichambua ikaona hazina mashiko, kesi ikatupwa. Marekani 2020 kulikuwa na kesi zaidi ya 60, karibu zote zikaanguka, na jimbo la Georgia wakazihesabu tena kwa mkono kura kama milioni 5, mshindi akabaki yule yule.

Sisi shida yetu nyengine ni kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais ukishatangazwa. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inavunja haki. Ndo maana dai la urais linabaki mitaani linazunguka miaka na miaka, hakuna wa kulipima. La ubunge au uwakilishi unaweza kulipeleka Mahakama Kuu, ila huko hawataki voisi ya WhatsApp. Kwa hiyo we wakala wa chama usitoke kituoni bila nakala ya fomu, ipige na picha inayosomeka, namba ya kituo, jumla, saini za wote, na kama umegoma kusaini andika kwa nini pale pale, si kesho yake Darajani.