Kruzi yenye rada haioni kila kitu

Wapo madereva wanaoamini kwamba ukishawasha kruzi (mfumo unaoshika kasi bila mguu wako) ile inayofuata gari la mbele, gari litajisimamisha lenyewe mbele ya kitu chochote. Sivyo, na imani hii ni ya hatari.

Mercedes-Benz S-Class ilipoletewa Distronic, kruzi ya aina hiyo, mwaka 1999, rada yake ilipima umbali na kasi ya gari linalotembea mbele. Kilichosimama ni habari nyingine. Rada hurudishiwa mwangwi na kila chuma: vibao, kingo, madaraja. Ikifunga breki kwa kila kimoja, safari haiendi. Ndiyo maana mifumo mingi, hata ya leo, huweza kupuuza vitu vilivyosimama ukiwa kwenye mwendo mkubwa.

Chukua lori lililoharibika usiku, matawi yametandazwa nyuma yake. Gari unalolifuata linalikwepa ghafla. Kruzi sasa inaona njia nyeupe, nayo inaongeza mwendo kurudi kwenye kasi uliyoiweka. Inaongeza, jamani!

Suspensheni ya hewa (mifuko ya hewa badala ya springi za chuma) nayo humlaghai dereva: mashimo hayasikiki, kasi haihisiki. Raha hiyo haiongezi nguvu ya breki.

Futa tope kwenye rada kabla ya kuondoka, na mguu usikae mbali na breki.