Swichi imezimwa, fyuzi bado zina umeme

Kishikio cha meni swichi, yaani swichi kuu ya umeme, kikishushwa, kila aliyepo huamini umeme umekatika. Fundi anafungua kifuniko na kuingiza vidole kuchomoa fyuzi. Hatari iko hapo, nami naikuta mara kwa mara kwenye mashine za kusaga hapa Arusha, hasa kwenye meni swichi za umeme wa njia tatu zenye fyuzi ndani.

Kwa kawaida waya za kutoka mita hufungwa juu, za kwenda kwenye mota hufungwa chini. Ukizima, visu vya swichi, vile vipande vya chuma vinavyounga na kukata umeme, vinaachana na upande wa juu, na vyote vilivyo chini yake, fyuzi zikiwemo, vinabaki bila umeme. Sasa fundi mwenye haraka anakuta bomba la waya za kutoka mita limetokea chini ukutani. Hataki kuzizungusha hadi juu, anaziunga palepale. Mashine inawaka, inasaga, inazimika vizuri, naye analipwa. Kosa halionyeshi dalili yoyote. Lakini swichi ikizimwa, visu na fyuzi vyote bado vina umeme: volti 230 kati ya laini (waya mmojawapo wa zile tatu zenye umeme) na ethi (waya wa ardhini), 400 kati ya laini na laini.

Pale mtaa wa Unga Limited nilimkuta kijana wa mashine ameshika kitambaa, anataka kupangusa vumbi la unga lililoganda juu ya fyuzi. Kishikio kilikuwa chini. Nikamwambia, "Dogo, subiri kwanza." Tesa yangu, kifaa cha kupimia kama pana umeme, ikawaka kwenye fyuzi zote tatu.

Fyuzi yenyewe haitakuokoa. Ile ya ampia 63 imewekwa kulinda waya, wakati mkondo wa zaidi ya miliampia 30 ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa hiyo jaribu kwanza tesa yako mahali unapojua pana umeme, kisha pima fyuzi, laini kwa laini na laini kwa ethi, halafu irudishe pale pa mwanzo uhakikishe haijafa katikati ya kazi. Bisibisi yenye taa ndogo ndani siiamini hata kidogo kwa kazi hii.

Ukigundua swichi yako imefungwa kinyume, usiigeuze mwenyewe. Waya zile zinatoka mita moja kwa moja, na kuzima swichi hakuzigusi. Waite TANESCO wakate umeme kabla ya mita, kisha fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azihamishe. Kabla ya kurudisha mkanda wa kinu, awashe mota kidogo aangalie inakozungukia: laini mbili zikipishana nafasi, itazunguka kinyume.