Seli shina hazikorogwi kwenye uji

"Daktari, mzee tumemwanzishia seli shina." Naambiwa hivyo kliniki, naambiwa harusini, juzi nimeambiwa pale Mwaloni Kirumba nikinunua dagaa. Kumbe ni pakiti ya unga, bei ya mbuzi, wa kukoroga kwenye uji asubuhi na jioni ili ubongo ulioharibiwa na kiharusi uote upya. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti kwenye seli shina za neva, kwa hiyo mnivumilie nikiongea kwa ukali.

Seli shina ni seli changa inayoweza kuzaa seli za aina nyingine. Unga mkavu hauna seli hai. Seli shina hutunzwa kwenye kimiminika chenye lishe, kwa joto la mwili, au hugandishwa ndani ya naitrojeni baridi kupita kiasi. Na hata ungemeza iliyo hai, asidi na vimeng'enya vya tumbo vingeisaga kama vinavyosaga sangara. Halafu someni lebo basi! Nyingi zimeandikwa tufaha au zabibu. Seli ya tufaha haigeuki kuwa niuroni, yaani seli ya neva, ya mtu.

Kinachonikera zaidi ni muuzaji anayetaja sayansi ya kweli nusunusu. Ni kweli kwamba mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss, kule Calgary, Canada, walipata seli shina za neva kwenye ubongo wa panya aliyekwisha komaa. Ni kweli pia kwamba panya akipata kiharusi, seli changa huhama kutoka kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo kwenda penye jeraha. Asichokisema ni matokeo yaliyotoka Lund, Sweden, mwaka 2002: zaidi ya asilimia 80 ya niuroni hizo changa zilikufa, na zilizosalia zilifidia kama asilimia 0.2 tu ya zilizopotea. Kuzifanya ziishi na ziungane na mtandao wa zamani ndiyo kazi inayotutoa jasho mpaka leo. Kyoto, Japani, wamepandikiza seli zilizokuzwa kutokana na seli shina kwa wagonjwa wachache wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, lakini walitoboa fuvu, na walifanya hivyo ndani ya utafiti unaosimamiwa.

Seli hai zenyewe si za kuchezea. Mwaka 2009 madaktari wa Israel waliripoti kijana aliyedungwa seli za neva za vijusi mjini Moscow. Aliota uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha haukutokana na seli zake mwenyewe.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko inatokana na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huku Kanda ya Ziwa tunaujua sana. Watu wamesikia watoto wanapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hizo ni seli shina kweli, ila kazi yake ni kutengeneza damu. Ubongo hauzihusu.

Unga wenyewe pengine usingemdhuru mzee. Anayemdhuru ni yule anayemwambia aache vidonge vya presha kwa kuwa "ni kemikali", na kiharusi cha pili hakikawii. Hiyo hela pelekeni kwenye mazoezi tiba. Nyumbani mwekeeni sinia la dagaa achambue kwa mkono uliopooza, kila siku, hata akimaliza saa nzima kwa kiganja kimoja. Wananicheka, lakini niuroni zilizobaki hujenga miunganisho mipya kwa kurudia kazi yenye maana, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Mengine nayapitia haraka. Kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo: uongo. Kwamba mtu mzima hapati niuroni mpya kabisa: mwaka 2018 tafiti mbili kubwa zilipingana waziwazi, na wanaozipata wanazungumzia sehemu ndogo inayohusika na kumbukumbu. Kutoboa ncha za vidole damu itoke ili kutibu kiharusi, ule ujumbe wa WhatsApp: acheni.

Na hili mnalosema mtu akipata kiharusi: "karushiwa jini, akichomwa sindano anakufa". Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, niuroni zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, itangulie, kwa sababu kama mshipa umepasuka, dawa hiyohiyo inaweza kuua. Mnaotoka kisiwani Ukerewe msisubiri kuche: mdomo ukipinda, tafuteni usafiri saa hiyohiyo.